Mswaki wa Usiku: Namna ya Kuyatunza Meno Kabla Hayajauma

Watu wengi hapa Tabora hupiga mswaki mara moja tu kwa siku, alfajiri, kabla ya chai. Ni desturi njema, kwani hakuna apendaye kumwamkia mzee huku kinywa kikinuka, lakini kati ya mara mbili zinazoshauriwa na madaktari wa meno, ile ambayo haifai kabisa kukosa ni ya usiku, baada ya mlo wa mwisho, ambapo mtu akishamaliza hali tena wala hanywi chochote isipokuwa maji.

Sababu yake ni mate. Bakteria wanaoishi katika utando laini unaojijenga juu ya meno hula sukari tunayokula na kutoa asidi, asidi hiyo huyeyusha madini ya tabaka la juu la jino, na mate ndiyo yanayoizimua na kuyarudisha madini hayo taratibu. Kazi hiyo huweza kuchukua nusu saa hadi saa nzima. Mtu akilala, mate hupungua sana, na anayelala na mabaki ya chakula kinywani huwaachia bakteria usiku mzima bila mpinzani.

Kwa hiyo idadi ya nyakati unazokula sukari ina uzito kuliko unavyodhani. Kikombe cha chai ya sukari kinachonywewa pamoja na chakula hudhuru kidogo kuliko kikombe hichohicho kikinywewa funda kwa funda tangu saa tatu hadi saa sita. Asali yetu, ambayo tunajivunia kwa haki, nayo ni sukari: bakteria hawaulizi kama imetoka kiwandani au kwenye mzinga ulioangikwa porini. Matobolwa, kwa kuwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa hadi vikauke, hunata katika vibonde vya magego, na mtoto anayeyabeba mfukoni na kutafuna kimoja kimoja kutwa nzima hayapi meno yake nafasi ya kupumzika. Simkatazi mtu matobolwa, maana mimi mwenyewe nayala kwa karanga. Yaliwe wakati wa mlo, kisha kinywa kisukutuliwe kwa maji.

Chagua mswaki wenye nywele laini na dawa ya meno yenye floraidi, yaani madini yanayoimarisha jino dhidi ya asidi. Kwa mtu mzima kiasi kinachofaa ni sehemu 1,000 hadi 1,500 kwa milioni, nacho huandikwa kwenye boksi. Ulaze mswaki mshazari, nywele zikigusa jino na ukingo wa ufizi kwa pamoja, kisha uuzungushe kwa miduara midogo bila kukandamiza, kwa muda wa dakika mbili. Ujanani nilikuwa nikisugua meno kama asuguaye sufuria iliyoungua, nikidhani nguvu ndiyo usafi, na leo ufizi wa chonge langu la kushoto umerudi nyuma kiasi kwamba maji ya mtungini hunishtua. Usisahau upande wa ndani wa meno ya mbele ya chini: ukitazama kwa kioo kidogo, huenda ukaona pale kitu kigumu cha rangi ya manjano. Huo ni ugaga, na ukishakuwa mgumu mswaki hauuondoi tena. Huondolewa kwa vifaa vya kliniki. Ukimaliza, tema povu bila kusukutua kwa kikombe kizima cha maji, ili floraidi ibaki juu ya meno.

Mswaki wa mti unafaa, mradi ncha yake itafunwe hadi iwe nyuzi laini, ingawa hauna floraidi. Mkaa, majivu na mchanga viachwe, kwani hukwaruza jino.

Ufizi ukitoka damu, wengi huogopa na kuacha kupitisha mswaki mahali hapo, ilhali damu hiyo mara nyingi hutokana na utando uliobaki palepale. Endelea kwa upole, na isipokoma baada ya wiki mbili nenda ukaonwe. Mvuta tumbaku awe mwangalifu zaidi, kwa sababu ufizi wake huweza kuugua bila kutoa damu nyingi, hata jino likaanza kulegea hajajua.

Mtoto huanza kusafishwa meno siku jino la kwanza linapochomoza, kwa dawa kiasi cha punje ya mchele, na akifika miaka mitatu kiasi cha punje ya kunde. Mzazi ndiye ashike mswaki mpaka mtoto afikie miaka saba hivi. Karibu na umri wa miaka sita huota gego la kudumu nyuma ya meno yote ya utotoni. Kwa kuwa hakuna jino linalong'oka kulipisha, wazazi hudhani nalo ni la utoto na kuliacha lioze, kumbe halina mbadala.

Jambo moja nalisema bila kuzunguka: hakuna meno ya plastiki, yale yanayodaiwa kumletea mtoto homa na kuhara. Uvimbe mweupe unaoonekana kwenye ufizi wa mtoto mchanga mwenye homa au kuhara ni jino lake la kawaida ambalo halijatoka, na kulichimbua kwa kisu au msumari huleta damu nyingi na maambukizi, na huweza kuharibu jino la kudumu lililo chini yake. Mtoto huyo apelekwe kituo cha afya atibiwe homa au kuhara kwake.

Mtu mzima naye asisubiri maumivu ya kumkosesha usingizi. Jino linaloshtuka kwa baridi au kitu kitamu bado mara nyingi huweza kuzibwa, ila likishaanza kuuma lenyewe usiku, huenda kiini chake kimeshafikiwa, na hapo hubaki kutibu mzizi, kazi ndefu na ya gharama, au kung'oa.