Somo: Projekti ya mwaka wa mwisho ya IT mkiwa kundi, kuanzia wazo hadi siku ya paneli

Wakuu, msimu wa projekti umeingia na ujumbe ninaoupata ni uleule: "Kaka tuko watano, tupe wazo zuri." Mawazo hayajawahi kupungua. Makundi niliyokaa nayo tangu nimalize chuo, yale yaliyozama, karibu yote yalizama siku ya kuunganisha. Kila mtu ana kipande kinachofanya kazi kwenye kompyuta yake, vipande vikikutana vinakataana.

Yalinikuta mwenyewe. Tulikuwa watano, tunatengeneza mfumo wa mahesabu ya VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopeshana mtaani. Tuligawana kazi wiki ya pili, tukaja kukutana siku tatu kabla ya paneli (siku ya kuonyesha projekti mbele ya jopo la wahadhiri), getoni kwa mwenzetu, kila mtu na flashi yake. Mimi nilikuwa namtambua mwanachama kwa namba yake ya kikundi. Mwenzangu alimtambua kwa namba ya simu, tena kaihifadhi kama namba ya hesabu, kwa hiyo ile sifuri ya mwanzo kwenye kila 07 ilikuwa imeshaliwa na databesi. Wa tatu yeye alianza na 255. Mama mmoja kwenye kikundi akawa watu watatu kwenye mfumo. Hatukulala, na mbele ya paneli tulionyesha vipande vitatu kwenye kompyuta tatu. Tulipita kwa huruma.

Kwa hiyo somo hili lina lengo moja: siku ya kuunganisha iwe wiki ya tatu, si wiki ya mwisho.

Hatua ya 1: Mpateni mtu kwanza

"Mfumo wa usimamizi wa hospitali" si tatizo, ni jina la folda. Tafuteni mtu mmoja mwenye kero, aliye karibu, atakayepokea simu zenu kwa miezi kadhaa: mwenye duka la dawa, katibu wa kituo cha bodaboda, mweka hazina wa kikundi. Mimi nitaendelea na VICOBA kwa mfano.

Nendeni siku ya kikao, ombeni ruhusa, kaeni pembeni mtazame. Mtaona hisa zinavyonunuliwa, faini zinavyokatwa, mfuko wa jamii unavyowekwa mbali na fedha za hisa, na sanduku lenye kufuli tatu ambazo funguo zake zinakaa kwa watu watatu tofauti. Mtaona pia jambo ambalo hakuna dodoso lingewaambia: mweka hazina hagusi simu kikao kizima, kwa sababu mikono yote miwili inahesabu noti. Hapo hapo muundo wenu unabadilika. Taarifa zitaingizwa na katibu baada ya kikao, akinakili kutoka kitabuni, na skrini yenu inabidi ifuate mpangilio wa kile kitabu, mstari kwa mstari.

Jambo moja la sheria. Majina, simu na madeni ya watu ni taarifa binafsi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya wana yao ya 2019. Ombeni ridhaa, na siku ya paneli tumieni majina ya kubuni. Deni la mama wa watu lisionekane kwenye projekta.

Hatua ya 2: Kateni

Andikeni kila kitu mnachotaka mfumo ufanye, kisha bakizeni vitatu. Kwa VICOBA: kuandikisha mwanachama, kuuza hisa, kukopesha na kupokea marejesho. Ujumbe mfupi, grafu za rangi na programu ya simu viingie kwenye sura ya mapendekezo. Najua inauma.

Hatua ya 3: Mkataba wa data

Hii ni karatasi moja na mchana mmoja, na ndiyo ingetuokoa sisi. Kabla ya mtu yeyote kuandika koodi, kaeni wote mkubaliane majina ya jedwali zote, jina la kila safu, na kila kitu kinahifadhiwa vipi. Mifano:

- Namba ya simu ni maandishi, si namba, na inaanza na +255 kila mahali. Hakuna anayejumlisha namba za simu.
- Fedha ni shilingi nzima, bila desimali. Kompyuta huhifadhi desimali nyingi kwa makadirio. Lugha nyingi ukiziambia zijumlishe 0.1 na 0.2 zinakupa 0.30000000000000004. Kwenye riba ya wanachama 30 kwa mwaka mzima, hapo ndipo kitabu na mfumo vinaanza kugombana.
- Tarehe ni mwaka, mwezi, siku, kwa mpangilio huo.
- Mwanachama anatambuliwa kwa namba inayotolewa na databesi yenyewe. Simu hubadilika, majina hufanana.

Atakayetaka kubadilisha chochote kwenye karatasi hiyo awaambie wote kwanza.

Hatua ya 4: Uzi mmoja kabla ya nguo

Wiki ya tatu muwe na ukurasa mmoja, hata uwe mbaya kiasi gani, unaoandikisha mwanachama: jina linatoka kwenye skrini, linafika kwenye seva, linakaa kwenye databesi, linarudi kuonekana. Na ufanye kazi kwenye kompyuta zote tano. Kama haufanyi kwenye moja, tatueni siku hiyohiyo.

Baada ya hapo ndipo mgawane, na hapa makundi mengi hukosea. Msigawane kwa tabaka, kwamba huyu muonekano, yule databesi, wewe ripoti. Mkigawana hivyo kila mmoja anamsubiri mwenzake, na mmoja akiugua wote mnalala. Gawaneni kwa kazi nzima: mmoja achukue hisa kuanzia skrini hadi databesi, mwingine mikopo hivyohivyo. Faida ya pili mtaiona kwenye paneli, maana kila mtu atakuwa na kitu anachokijua mwanzo hadi mwisho.

Hatua ya 5: Git, na kufuli tatu

Flashi na kutumiana mafaili ya zipu kwenye WhatsApp muache leo. Tumieni Git, programu inayotunza kila hatua ya koodi yenu na kuunganisha kazi za watu wengi. Linus Torvalds aliianzisha mwaka 2005 kwa ajili ya watu wanaoandika Linux, mfumo endeshi wa kompyuta, wakiwa nchi tofauti, kwa hiyo nyie mliogawanyika kati ya hosteli na mageto mnaiweza. Uzuri wake kwetu wa bando: unahifadhi hatua zako kwenye kompyuta yako bila intaneti, ukipata mtandao ndipo unapandisha.

Utaratibu wangu ni huu. Kila kazi na tawi lake, yaani nakala ya pembeni ya koodi; tawi kuu ndilo koodi rasmi ya kundi. Tawi lisiishi zaidi ya siku tatu bila kurudishwa kwenye tawi kuu. Na hakuna anayeingiza koodi yake mwenyewe kwenye tawi kuu. Mwenzake aisome, aiendeshe, ndipo aingize yeye. Kama mmewahi kuliona lile sanduku la VICOBA mtanielewa bila maelezo zaidi.

Nywila za databesi zisipandishwe kabisa. Mkipandisha kwa bahati mbaya, kufuta faili hakusaidii kwa kuwa historia inabaki nayo. Badilisheni nywila.

Hatua ya 6: Mambo ya nje

Mkitaka menyu ya USSD (ile ya kupiga nyota na reli) au malipo ya simu, anzeni na uwanja wa majaribio. Africa's Talking, kampuni inayowapa watengeneza programu huduma za USSD na ujumbe mfupi, wanao, na kuna simu ya kuigiza ndani ya kivinjari, hamhitaji namba halisi. Namba halisi ina gharama na taratibu zake. Msiweke tarehe yenu ya kuhitimu mikononi mwa foleni ya ofisi nyingine. Paneli nyingi zinakubali majaribio, mradi mseme wazi kuwa ni majaribio.

Hatua ya 7: Ripoti na siku yenyewe

Ripoti iandikwe kila wiki, sura kwa sura. Siku ya paneli mfumo uendeshwe kwenye kompyuta yenu bila kutegemea intaneti ya ukumbi, na muwe na video ya dakika tatu ya mfumo ukifanya kazi. Umeme hauna ratiba.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mkuu. Mwenzetu mmoja haonekani kabisa, na tunajua siku ya paneli atakuja na suti. Tumfanyeje?

Marahaba. Msimfiche. Mpeni kazi moja ndogo yenye tarehe, kwa maandishi, mbele ya kundi zima. Akishindwa mara mbili, nendeni kwa msimamizi mapema, si wiki ya mwisho mkiwa na hasira. Chukueni na ushahidi: andikeni `git shortlog -sn` kwenye folda ya projekti, mtaona kila mtu kahifadhi hatua ngapi. Ila tahadhari, idadi siyo uzito wa kazi. Kuna mtu anahifadhi mara arobaini kwa kubadilisha rangi za vitufe. Na kabla ya yote mtafuteni mumuulize kuna nini. Nilishawahi kumlaani mtu kumbe hakuwa na kompyuta na anaona aibu kusema.

Sisi ndio hao, tuko wanne na kompyuta nzima ni mbili.

Kaeni wawiliwawili kwa kila kompyuta, mmoja anaandika, mwenzake anasoma na kuuliza, mnabadilishana kila nusu saa. Kabla ya kuhifadhi hatua, badilisheni jina la mwandishi kwenye Git ili kila mtu ahesabike.

Kuna jamaa anauza projekti iliyokamilika, laki tatu na ripoti yake. Ubaya uko wapi kama tutaisoma tukaielewa?

Ukiweza kuisoma koodi ya mtu mwingine ukaielewa yote, ulikuwa na uwezo wa kuandika yako. Na jamaa huyo ameshawauzia wa chuo kingine, wanapaneli nao hualikana. Swali la kwanza litakuwa "ongeza sehemu moja hapa kwenye fomu, tukiona." Hapo jasho linatoka.

Akili mnemba je? Inaandika koodi vizuri kuliko sisi.

Someni kanuni za idara yenu kwanza. Binafsi naruhusu kwa sharti moja: koodi isiyoweza kuelezwa na aliyeileta haiingii tawi kuu. Angalieni na mkataba wa data, maana itawaletea namba ya simu iliyohifadhiwa kama namba bila hata kusita.

Wanapaneli wakisema "mifumo ya VICOBA ipo mingi, kipya ni nini?"

Waambieni kuhusu yule mweka hazina na noti zake. Kisha wafungulieni picha ya ukurasa wa kitabu cha kikundi upande mmoja, majina yakiwa yamefichwa, na skrini yenu upande wa pili.