Jinsi ya kupanga makaratasi ya mfanyakazi wa zama za kadi za matundu

Boksi likifunguliwa, linatoa harufu ya karatasi kuukuu na mpira uliooza. Ndani mna miaka thelathini ya mtu mmoja: alianza kama fundi wa mashine za kadi za matundu (kadi ngumu zilizotobolewa ili mashine isome data au programu), akamaliza akiuza kompyuta, na sasa mwanawe amekuletea kila kilichokuwa stoo. Nitaeleza ninavyofanya mimi, kwa mfano wa mtu aliyefanya kazi kampuni ya IBM, Marekani, kati ya miaka ya 1930 na 1960.

Hatua ya 1: Usipange chochote

Najua mkono unawasha. Piga picha kwanza, tabaka kwa tabaka, kisha andika nini kilikuwa juu ya nini. Mzee aliyechomeka barua ya kupandishwa cheo ndani ya kitabu cha mafunzo alikuwa na sababu zake. Ukizitenganisha bila kuandika, sababu hiyo imekwenda.

Muulize aliyeleta boksi siku hiyohiyo: baba alikuwa kiwandani Endicott au Poughkeepsie, jimbo la New York, au alizunguka kwa wateja? Na umiliki uandikwe na kusainiwa kabla hajaondoka. Undugu usikuponze hapa.

Hatua ya 2: Kadi

Hapa usiwe na haraka. Kadi ya kawaida ya IBM ina urefu wa milimita 187 na kimo cha milimita 83, safu 80 za kusimama na mistari 12 ya kulala. Kadi 2,000 zikibanwa pamoja hufika karibu sentimita 36, kwa hiyo rundo dogo tu lina mengi.

Mara ya kwanza kushika rundo la namna hii nilikata rababendi iliyokauka bila kulibana. Kadi zikamwagika sakafuni kama karanga. Kilichoniokoa ni mstari wa wino uliochorwa mshazari kwenye ukingo wa rundo. Waandishi wa programu waliuchora kwa makusudi: kadi moja ikikaa pasipo pake, mstari unakatika na jicho linaona. Nilikaa chini mchana mzima nikiunganisha vidoti vya wino. Basi tafuta mstari huo kwanza na uupige picha. Usipouona, angalia safu ya 73 hadi 80, ambako kadi za programu za Fortran, lugha ya kuandikia programu, mara nyingi zilibeba namba za mfuatano. Navyo vyote visipokuwepo, mpangilio uliopo ndio pekee utakaoupata.

Bana rundo kati ya vipande viwili vya kadibodi isiyo na asidi, kata rababendi kwa mkasi, halafu funga kwa utepe wa pamba. Usiandike juu ya kadi hata kwa penseli. Weka kikaratasi pembeni.

Kisha jifunze kuzisoma, maana si kila kadi ina maandishi juu. Mstari wa juu kabisa ni 12, unafuata 11, halafu 0 hadi 9. Tarakimu ni tundu moja. Herufi ni matundu mawili kwenye safu moja: A hadi I ni 12 pamoja na 1 hadi 9, J hadi R ni 11 pamoja na 1 hadi 9, S hadi Z ni 0 pamoja na 2 hadi 9. Neno KAZI basi ni 11 na 2, 12 na 1, 0 na 9, 12 na 9. Soma kadi tano hivi za mwanzo. Ukikuta majina ya watu na mishahara yao, umeshika data ya mteja, si programu, na hilo litabadilisha hatua ya mwisho.

Hatua ya 3: Kutafuta mwaka

Barua za ofisini zina tarehe. Michoro na vijikaratasi mara nyingi havina. Tazama jina la kampuni. Herman Hollerith, ambaye mashine zake zilihesabu sensa ya Marekani ya 1890, alianzisha Tabulating Machine Company mwaka 1896. Mwaka 1911 ikaunganishwa na nyingine kuwa Computing-Tabulating-Recording Company, na 1924 ikaitwa IBM. Jina jipya linakupa mwaka wa mapema zaidi unaowezekana. La zamani halikupi mwaka wa mwisho, kwani karatasi zenye nembo hutumika mpaka ziishe.

Matundu nayo yanasema. Kadi ya safu 80 yenye matundu ya mstatili ilikuja 1928. Kabla yake zilikuwa safu 45 na matundu ya duara. Ukikuta kadi ya matundu ya duara yenye safu 90, hiyo ni ya Remington Rand, washindani wa IBM. Mzee alihamia huko, au aliweka sampuli ya adui mfukoni? Mimi huandika swali hilo kwenye orodha.

Hatua ya 4: Makundi na matunzo

Barua, mafunzo, michoro ya kazi, picha: makundi manne yanatosha. Cha kuangalia ni michoro ya nyaya. Mashine hizo zilielekezwa kazi kwa nyaya zilizochomekwa kwenye ubao, na karatasi yenye mistari ya penseli ndiyo programu yenyewe. Nimeona watu wakiitupa wakidhani ni michoro ya mtoto.

Toa klipu na pini zilizoshika kutu. Nakala za buluu za michoro zitenge, na zisiwekwe kwenye folda zenye alkali. Karatasi ndefu za printa ziache kwenye mikunjo yake.

Hatua ya 5: Orodha

Karatasi za matibabu, za mishahara na kadi za wateja zifunge, uandike kwa nini na mpaka lini. Vingine vyote mtafiti avione. Ingizo langu la kawaida huwa hivi (407 ni mashine ya IBM ya kuhesabu na kuchapa, iliyotoka 1949):

*Boksi 3, folda 7. Michoro ya nyaya za mashine ya 407, karatasi 14, penseli. 1949 au baadaye. Ilikuwa ndani ya kitabu cha mafunzo (folda 6). Rundo la kadi 212 lenye mshazari mwekundu liko Boksi 5. Lina majina ya watu, limefungwa.*