Mbwa kijana shambani: mfunze kwanza miguu minne chini

Wafugaji wa Utange na Mwakirunge, hapa Mombasa, huniita kwa habari za kuku na mbuzi. Lakini chai ikifika kikombe cha pili, maneno huishia kwa mbwa: ana miezi minane, amezitafuna ndara za nyumba nzima, na kila mgeni akifika getini anarukiwa. Mwenyewe husema mbwa huyu mtundu. Mimi husema ana nguvu na hajapewa kazi. Akiruka, watu hupiga kelele na kumsukuma. Kwake yeye huo ni mchezo, na kesho ataurudia.

Huku kwetu Pwani, kurukia watu ndilo la kwanza kumwachisha, hata kabla ya kumfunza kukaa. Jirani ametia udhu, kanzu imepigwa pasi, yuko njiani kwenda msikitini. Mbwa akimpaka mate, hana budi kurudi nyumbani. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo wengi hapa wanafuata, palipoguswa na mate huoshwa mara saba, mara moja kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Mbwa wa kulinda shamba na mifugo ameruhusiwa, na jirani analijua hilo. Anachotaka ni mbwa mwenye adabu. Na huyo jirani ndiye atakayekugongea mlango saa nane za usiku mbuzi wako wakitoka bandani.

Fanya hivi. Mfunge mbwa kamba ya mita mbili, uikanyage kiasi kwamba anaweza kusimama kwa raha ila hawezi kuruka. Mtume mtoto mkubwa nje, aingie kama mgeni. Miguu ya mbele ikinyanyuka, mgeni asiseme kitu wala asimtazame. Ageuke, arudi hatua mbili. Miguu yote minne ikishatua, mpe papo hapo kipande cha ini lililochemshwa bila chumvi, kidogo tu kama punje ya hindi. Ukichelewa hata kwa sekunde tatu, hatajua amelipwa kwa lipi. Mkono wako uwe chini, usawa wa kifua chake, maana ukimshikia juu unamwalika aruke. Dagaa wakavu wasio na chumvi pia wanafaa. Papa mkavu usimpe, chumvi yake ni nyingi mno.

Dakika tano zatosha, mara tatu au nne kwa siku. Mbwa kijana hachoki miguu, huchoka akili, na akichoka akili huanza ukaidi.

Kisha mkubaliane nyumbani juu ya maneno. Baba akisema «kaa», mama «keti», na mlinzi wa usiku akamwamrisha Kizungu, mnyama atasikia kelele tu. (Sijui ni nani aliyetuambia mbwa hawaelewi Kiswahili.) Chagueni neno moja, litamkwe mara moja, kwa sauti ya kawaida. Ukisema «kaa, kaa, kaa», umemfunza kukaa kwa neno la tatu.

Neno «njoo» litunze kuliko yote. Nilikuwa na mbwa wangu aliyekamata kifaranga. Nikamwita, akaja mkia ukitikisika, nami nikamchapa kandambili. Kwa yeye, kosa lilikuwa kuja. Wiki mbili nzima nikiita anasimama mbali, ananitazama. Ilinibidi nianze upya kwa kamba ya mita kumi, nikimwita na kumlipa ini kila alipofika, hata alipofika kwa kusitasita. Ukitaka kumkanya au kumfungia, mfuate alipo.

Kuhusu kuku, usimtupe katikati yao ukisubiri kuona. Anza mbali, mahali anapowaona lakini bado anakusikia. Akiwaangalia kisha akakugeukia, mlipe, halafu sogea hatua moja. Akianza kuvuta kamba, mmekaribia mno, rudini nyuma. Kazi hii huchukua wiki kadhaa, na kamba isitoke mpaka uwe umemwona akipita katikati ya kuku wanaokimbia bila kushtuka.

Mnyororo wa kutwa haumtulizi mbwa, humzidishia wazimu. Mtembeze kwanza ndipo umfunze. Ila msimu wa kaskazi, hasa Januari hadi Machi, toka naye baada ya Alfajiri au jua likiwa limepoa jioni. Mbwa hujipoza kwa kuhema, na hewa yetu ya unyevu huifanya kazi hiyo kuwa ngumu. Weka kiganja kwenye lami: kama wewe huwezi kuvumilia sekunde tano, na yeye hawezi. Akihema bila kikomo, akitoa udenda mzito na kuyumba, mweke kivulini, mmwagie maji, umwite daktari wa mifugo.

Chanjo ya kichaa cha mbwa apate akifika miezi mitatu, irudiwe kila mwaka. Akimng'ata mtu, hata kwa mchezo, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha mtu aende hospitali siku hiyo hiyo.

Ukishaona ametulia getini kwa watu wa nyumbani, mwombe jirani mmoja asiyemwogopa mbwa aje kujaribu. Siku hiyo asije na kanzu.