Ukiomba na Mungu yuko kimya tu, anzia hapa

Kama umeomba mpaka maneno yamekuisha na bado kimya, kwanza pole sana. Hiyo hali naijua, unapiga magoti unajisikia kama unaongea na ukuta, halafu anatokea mtu anakwambia huna imani, na hilo neno linauma kuliko hata ule ukimya. Usilibebe. Ayubu alilia sura baada ya sura na Mungu hakumjibu mpaka sura ya 38, na muda wote huo hakuwa ameachwa.

Sasa cha kufanya, mwambie Mungu huo ukimya wenyewe. Usiipambe sala. Zaburi ya 13 Daudi anauliza "hata lini" mara 4 ndani ya mistari 2 tu, na ya 88 ndo kabisa, inaanza kwa kilio na inaishia gizani, hakuna haleluya mwishoni, lakini ona mwenye kulia anamwita nani, "Ee Bwana, Mungu wa wokovu wangu". Yaani analalamika huku kamshika nguo. Kwangu mimi hiyo ni imani kabisa, tena ya mtu aliyechoka. Ukikosa maneno isome hiyo zaburi kwa sauti, polepole, ukifika penye kidonda chako simama hapo utaje jambo lako kwa jina, hata ukilia sawa tu.

Halafu kula na ulale. Nasema kweli, Eliya alipoomba afe, malaika hakumhubiria, alimpa mkate na maji akalala tena akampa tena, ile sauti ndogo ya utulivu ya Mungu ilikuja baadaye. Na kama usingizi umekata wiki nzima au unawaza kufa, tafadhali mwambie mtu leo hii na uende kwa daktari, kwenda huko sio kumkosea Mungu.

Jambo lingine, usipime uwepo wake kwa unavyojisikia. Wale wanafunzi wawili waliokuwa wanaenda Emau baada ya Yesu kufufuka walitembea na Yesu mwenyewe njiani, wakaongea naye, wasimtambue mpaka alipoumega mkate, na alikuwepo hatua zote. Kwa hiyo chukua daftari uandike mambo aliyokutendea zamani, madogo madogo pia, na usimwekee tarehe, maana Lazaro alikuwa anapendwa na Yesu, lakini aliposikia anaumwa bado alikaa siku 2 zaidi ndo akaenda.

Tafuta pia mtu mmoja, mmoja tu anayejua kunyamaza, umwombe akuombee siku ambazo wewe huwezi. Ibadani nenda hata ukikaa nyuma bila kuimba, wenzako wataimba kwa niaba yako.

Na leo usiku kama huna nguvu ya sala ndefu sema tu "Bwana, sikusikii, ila niko hapa", kisha zima taa ulale.