Mashine ya oksijeni nyumbani: ya kukagua umeme ukiwepo

Hapa Goma umeme hukatika bila kubisha hodi. Kama una mgonjwa anayetegemea mashine ya oksijeni, ikague taa zikiwa zinawaka na yeye akiwa ametulia. Kutafuta spana ya silinda ya oksijeni ya akiba gizani, huku mtu anahema, ni kuchelewa.

Anza na chujio. Mashine huvuta hewa ya chumbani, yenye oksijeni asilimia 21 hivi, huzuia naitrojeni na kumpa mgonjwa hewa yenye oksijeni karibu asilimia 90 au zaidi. Hewa ya chumba ikiwa chafu, mashine inaumia. Na vumbi letu jeusi la mawe ya volkano tunalijua, linapenya hata madirisha yakifungwa. Chomoa sponji iliyo nyuma au ubavuni, iinue kwenye mwanga. Ikiwa kijivu na vitundu havionekani, imeziba. Ioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, isuuze, ikamue ndani ya taulo, iache ikauke kabisa. Kwa kawaida huoshwa kila wiki. Nyumba iliyo kando ya barabara ya vumbi, mimi nasema kila siku ya tatu. Nunua ya akiba, maana mashine haiwashwi bila chujio hata kwa dakika kumi. Isibanwe ukutani wala na pazia.

Chupa ya unyevu, kama daktari ameiagiza, isijazwe maji ya bidoni. Tumia yaliyokenekwa, yaani mvuke uliopozwa ukawa maji, au angalau yaliyochemshwa yakapoa; maji ya betri ya gari kamwe. Kila siku mwaga yote, osha chupa, weka mapya.

Mrija wa puani ukikakamaa, badilisha. Kujua kama hewa inapita, chovya ncha zake kwenye glasi ya maji safi uone mapovu, kisha uzikaushe. Mapovu hayaonyeshi ubora wa oksijeni. Hilo angalia taa ya onyo ya mashine.

Moto ndio unaonitia hofu zaidi. Mbabula ya makala, mshumaa na sigara vikae mbali, mita 3 au zaidi. Sigara isivutwe kabisa ndani. Oksijeni hujaa kwenye blanketi, kwa hiyo usiache mrija kitandani mashine ikiwaka. Pua ikikauka, usipake vaselini.

Umeme ukienda, silinda iwe tayari. Ya lita 10 yenye mgandamizo wa bari 150 hutoa takriban lita 1,500 za oksijeni. Kwa lita 2 kwa dakika ni saa 12 na nusu, lakini wewe hesabu 10. Jenereta ikae nje, mbali na madirisha. Iwashe, itulie, ndipo uchomeke mashine kupitia stabilaiza, kile kifaa cha kusawazisha umeme. Mashine ya kubeba iwe na betri iliyojaa.

Kiwango alichoandika daktari kibandike juu ya mashine, pamoja na namba yake ya simu. Kwa baadhi ya wagonjwa wa mapafu oksijeni ikizidi huwadhuru, hivyo mtu asikipandishe kabla ya kumpigia.