Kutoka Dodoma hadi Tanga: mlima kwanza, bahari baadaye

Mtu wa Dodoma akisikia bahari, kichwani inamjia Zanzibar au Coco Beach ya Dar. Kazi yangu ni kupanga safari za vikundi: vikoba vya akina mama, wafanyakazi wa ofisi za mji wa Serikali wa Mtumba, vijana waliomaliza Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Nikiachiwa nichague mimi, nawapeleka Tanga. Kuna bandari, kuna fukwe, kuna mapango, chakula chake hakina mshindani, na Milima ya Usambara iko karibu kiasi kwamba asubuhi unaamka kwenye ukungu wa msitu na jioni unaoga baharini.

Kinachoharibu safari nyingi za watu wa bara kwenda pwani si mvua wala ubovu wa gari. Ni kupanga bahari kwa saa ya mkononi. Kundi linafika ufukweni saa tano asubuhi na mipira na mataulo, linakuta maji yamekwenda zao, limebaki tope na mawe. Kwa hiyo tunaanza na kalenda, kabla hata ya tiketi.

Hatua ya 1: Tazama mwezi, ndipo uombe likizo

Maji ya bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa kama dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa huwa kubwa sana: hilo ndilo bamvua. Katikati yake, mwezi ukiwa nusu, maji hayaendi mbali wala hayaji juu sana. Wavuvi huyaita maji mafu.

Huhitaji programu ya simu. Chukua kalenda yenye tarehe za Kiislamu, ile inayoning'inia kwenye maduka mengi. Tarehe 1 hadi 3 na 14 hadi 17 za mwezi wa Kiislamu ni bamvua. Siku hizo, katika pwani yetu, maji hukauka karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi jioni. Kwa mgeni hakuna mpangilio mzuri kuliko huo: asubuhi maji yakipwa unakwenda kwenye visiwa vya mchanga, jioni yakijaa unaogelea na jua limepoa. Wiki moja baadaye mambo yanageuka: yanajaa asubuhi na kukauka jioni, na kuogelea kwako kunaangukia kwenye jua la utosi.

Kuhusu majira, epuka masika, Machi hadi Mei, maana barabara za mlimani zinateleza. Juni hadi Agosti hali ya hewa ni tamu lakini upepo wa kusi unachafua bahari, na boti ndogo zinarusha watu tumbo. Mimi napenda Septemba na Oktoba, au Januari na Februari ikiwa mnavumilia joto. Mwezi wa Ramadhani nao si mbaya hata kidogo, ila jueni kwamba mchana migahawa mingi imefungwa na utamu wote unahamia usiku.

Hatua ya 2: Usafiri

Njia ni karibu kilomita 600: Dodoma, Gairo, Morogoro, Chalinze, halafu unakunja kushoto kupitia Msata, Wami, Mkata na Segera, kisha Hale, Muheza na Tanga. Una njia tatu za kuchagua.

Basi la moja kwa moja huondoka stendi ya Nanenane alfajiri. Ni rahisi, lakini mtakaa kwenye kiti siku nzima.

Treni ya SGR hadi Morogoro, kisha basi, ndiyo ninayowashauri watu walio chini ya kumi. Tangu treni za umeme zianze kufika Dodoma mwaka 2024, kipande kile cha Kibaigwa, Gairo na Dumila, ambacho malori hukigeuza kuwa adhabu, unakivuka umekaa, unapita kwenye mahandaki ya Kilosa, unashuka Morogoro bado una nguvu. Hakikisha treni unayokatia tiketi inasimama Morogoro. Jina kwenye tiketi lifanane na la kitambulisho, na fika stesheni mapema, kwa sababu ukaguzi wa mizigo una foleni na treni haimsubiri mtu. Wakati wa Bunge la Bajeti usitegemee kupata kiti cha Ijumaa jioni dakika za mwisho. Ukishuka, chukua bajaji mpaka stendi ya Msamvu na uulize basi la Tanga. Panda la asubuhi. Ukifika Msamvu mchana, utaingia Muheza usiku, na usiku huwezi kupanda mlima.

Kundi kubwa likodi Kosta. Andikianeni na mwenye gari kabla hujalipa: nani anaweka mafuta, dereva analala wapi na anakula kwa nani, na kwamba gari litapanda barabara ya vumbi. Hapo ndipo ugomvi huanzia. Na dereva akikwambia anajua njia ya mkato ya Magole, Turiani, Mziha mpaka Handeni, mshukuru na umwambie apite Chalinze.

Hatua ya 3: Shuka Muheza, usiende Tanga moja kwa moja

Sababu ni nyepesi: Muheza unaikuta kabla ya Tanga. Ukipitiliza mjini halafu urudi mlimani, umelipa nauli mara mbili. Sababu ya pili ni miguu. Watu wakishalala siku mbili ufukweni, hakuna atakayekubali kupanda kilima.

Juu ya Muheza una sehemu mbili. Magoroto iko karibu, ina msitu, michikichi na ziwa dogo, na inafaa familia yenye watoto. Amani ni mbali zaidi, zaidi ya kilomita 30 za barabara ya kupinda, nusu nzima msituni. Magari ya abiria ya kwenda huko ni machache, kwa hiyo ukifika stendi ya Muheza jambo la kwanza ni kuuliza gari la siku hiyo. Nikiwa na watu wanaoweza kutembea, nachagua Amani bila kufikiri mara mbili.

Kinachowashangaza watu wa Dodoma ni hiki: kijiji cha Amani hakiko juu kuliko Dodoma kwetu. Sisi tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Tofauti ni kwamba Usambara Mashariki inasimama uso kwa uso na bahari. Upepo wenye unyevu ukigonga ule ukuta unapanda, unapoa, unamwaga mvua. Ukitufikia sisi huku umeshakauka. Ndiyo maana sisi tuna mibuyu na zabibu, wao wana chai, iliki na karafuu. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa mimea hapo mwaka 1902, na miti waliyoileta kutoka pembe zote za dunia bado imesimama. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ilitangazwa mwaka 1997. Mwombe mwongozaji akuonyeshe ua dogo la zambarau linaloota kwenye miamba yenye kivuli. Ndilo hilo ambalo Ulaya hupandwa kwenye vyungu vya madirishani, baada ya Saint Paul-Illaire, afisa wa Kijerumani wa Tanga, kupeleka mbegu kwao miaka ya 1890.

Beba sweta, viatu vyenye meno na soksi ndefu. Lala usiku mmoja, tembea asubuhi, mchana teremka. Kuna atakayesema "tuongeze na Lushoto". Lushoto ni Usambara Magharibi, inapandiwa Mombo, na inastahili safari yake yenyewe. Kataa.

Hatua ya 4: Ingia Tanga ukiwa na njaa

Stendi ya Tanga iko Kange, nje kidogo ya mji. Tafuteni nyumba ya wageni mjini au upande wa Raskazone. Mji ni tambarare na watu wengi wanatumia baiskeli, kwa hiyo mkikodi zenu mtazunguka bila jasho jingi. Jasho lenyewe litakuwepo tu. Jua letu ni kali lakini kavu, la Tanga linakung'ang'ania shingoni.

Ratiba ya kula ni muhimu kuliko ya kutembea. Asubuhi nenda Ngamiani, kwenye mitaa iliyopewa namba: barabara ya kwanza, ya pili, na kuendelea. Tafuta mama mwenye sufuria ya mbaazi za nazi. Usianze na bei.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Umetoka wapi?"

"Dodoma, bibi."

"Ee, kwa Wagogo! Karibu, kaa."

Ukisalimia hivyo unapata na nyongeza. Mbaazi zimelala kwenye tui zito lililokolea kitunguu na pilipili ya kijani; anachovya upawa mpaka chini, kwa sababu mbaazi ziko chini na tui liko juu, anamwaga kwenye sahani ya bati, anakuwekea maandazi mawili ya iliki pembeni. Unamega, unachovya. Wahi mapema, maana zikiisha zimeisha mpaka kesho.

Mchana au jioni ni samaki wa kupaka, na hapa watu wetu wananichosha. Sisi tumezoea samaki wa Mtera waliokaangwa mpaka mifupa inatafunika, basi wakifika Tanga nao wanaagiza "nikaangie, akauke". Hapana. Nenda soko la samaki la Deep Sea wakati mashua zinaingia, chagua samaki aina ya changu mwenye macho mang'avu na mashavu mekundu, ukibonyeza nyama irudi. Mpeleke kwa mpishi mliyeelewana naye tangu asubuhi. Atampasua mgongoni, atamtia ndimu, chumvi, tangawizi na kitunguu saumu, atamchoma kwa makaa ya moto mdogo huku akimpaka tui zito kidogo kidogo. Kila tui likikauka anapaka tena, mpaka linaganda juu ya ngozi na kingo zake kuanza kuwa kahawia. Hiyo ni kazi ya saa nzima au zaidi, kwa hiyo usiagize ukiwa tayari unaumwa na njaa. Kula na wali wa nazi. Usiku kuna pweza, mishkaki, kachori na kahawa chungu kwa kashata.

Kati ya mlo na mlo pitia bustani ya Jamhuri juu ya bandari, kwenye mnara wa saa, na jumba la Boma la enzi za Wajerumani lenye makumbusho ya Urithi. Waulizeni habari za Novemba 1914, jeshi la Waingereza kutoka India lilipotua hapa likiwa na watu wengi mara kadhaa kuliko Wajerumani na askari wao, likashindwa, na nyuki nao wakaingia vitani.

Hatua ya 5: Mapango ya Amboni

Yako kama kilomita 8 kaskazini, barabara ya Horohoro. Nenda asubuhi, lipa kiingilio getini, chukua mwongozaji na usiende popote bila yeye. Ni mapango ya chokaa, kuna sehemu utainama na sehemu utapita kiubavu. Mwenye hofu ya kubanwa abaki nje bila aibu. Vaa viatu vya kufunga, si kandambili. Utaonyeshwa mwamba unaofanana na Mlima Kilimanjaro, popo juu ya kichwa, na chumba cha mzimu ambapo watu huacha ubani na sarafu. Usiguse wala kucheka. Utasimuliwa pia Osale Otango, mtoro wa miaka ya 1950 aliyejificha humo, na mbwa aliyeingia pangoni akaibukia huko Kilimanjaro. Usibishane kuhusu mbwa. Hapo jirani kuna maji moto ya Galanos yanayonuka kiberiti.

Jioni, maji yakijaa, kaogeleeni Raskazone.

Hatua ya 6: Pangani na fungu la Maziwe

Pangani iko karibu kilomita 50 kusini. Njiani simama Tongoni, kwenye magofu ya msikiti na makaburi ya karne nyingi. Kisha safari yenyewe: Maziwe, fungu la mchanga mweupe lililo kama kilomita 8 baharini, ambalo maji yakijaa hulioni. Zamani palikuwa na mivinje na kasa walitaga mayai. Miti ikafa, mchanga ukahamahama, leo ni mchanga mtupu na matumbawe. Hapa ndipo ile kalenda ya hatua ya 1 inapolipa. Siku ya bamvua ondoka saa mbili unusu asubuhi, kaa mpaka nahodha aseme twende, na akisema, twende.

Bei ya boti ni ya boti nzima, si ya kichwa, kwa hiyo jazeni nafasi zake bila kuzidisha. Ada ya eneo tengefu ni nje ya bei ya boti. Ulizeni na mdai risiti. Kila mtu avae jaketi okozi kabla boti haijaelea, hasa wale wanaosema wanajua kuogelea kwa sababu walivuka bwawa utotoni. Vaeni yeboyebo majini, kuna vidude vya miiba mieusi kwenye mawe. Hakuna kivuli, kwa hiyo bebeni miavuli, maji na matunda, na mrudi na takataka zenu. Mjini Pangani jifungeni khanga juu ya nguo za kuogelea.

Hatua ya 7: Kurudi

Tiketi ya basi ikate jana yake pale Kange, upande usiopigwa na jua la asubuhi. Machungwa nunua Muheza dirishani, kwa mfuko wa wavu, siyo mjini. Samaki mbichi nunua ikiwa tu mna Kosta yenu na boksi la barafu. Ukirudi kwa treni, chukua nazi, viungo vya Amani na kashata, vitu visivyovuja wala kunuka. Na mwenye kuunganisha basi na treni aache angalau saa tatu za ziada Morogoro, kwa sababu mizani na foleni za malori kuanzia Chalinze hazina ratiba.