Kabla Hujapanda Arugula Nyumbani

Arugula, mboga ya majani yenye ladha kali kidogo, huota upesi mno, na hapo ndipo watu wengi hudhani haihitaji maandalizi. Mbegu ukiitia leo kwenye udongo wenye unyevu, ndani ya wiki moja, na mara nyingi siku ya tatu au ya nne, utaona vijani viwili vyenye umbo la moyo vikichungulia. Wiki ya nne waweza kuanza kuchuma. Kwa kuwa maisha yake ni mafupi hivyo, kosa la siku ya kupanda halipati muda wa kurekebishwa.

Jambo kubwa kuliko yote ni joto. Mboga hii ni ya ubaridi, na nyuzijoto 10 hadi 20 za Selsiasi ndizo zinazoifaa hasa. Jua likiwa kali, mchana ukirefuka au udongo ukikauka, huacha kutoa majani, hurusha shina juu na kuchanua. Yanayobaki ni majani magumu, na ule ukali wake mzuri hugeuka uchungu. Ikishafika hapo, maji na mbolea haviirudishi. Mara yangu ya kwanza nilipanga makopo kando ya ukuta wa saruji unaopigwa na jua la alasiri. Usiku saa mbili ukiugusa ukuta ule, bado ulikuwa na uvuguvugu. Miche ilichanua ikiwa na kimo cha kiganja. Basi ngoja majira ya baridi ya mahali ulipo, au tafuta pembe inayopata jua la asubuhi na kivuli mchana.

Chombo si lazima kiwe kikubwa: kina cha sentimita 15 kinatosha, mradi kiwe na matundu chini. Udongo uwe tifutifu, uliochanganywa na mboji iliyooza vizuri. Samadi mbichi iache kabisa. Panda moja kwa moja pale mboga itakapokaa, maana mzizi wake mkuu haupendi kuhamishwa. Fukia mbegu nusu sentimita tu. Soma pia pakiti vizuri, kwani jina lenyewe laweza kuwa roketi au rukola, na ipo aina ya mwituni, yenye maua ya njano, inayokua polepole zaidi.

Wadudu nao wasubiri wakukute tayari. Arugula ni ndugu wa kabichi, figili na haradali, na ukoo huu wote huandamwa na mbawakavu wadogo weusi wanaoruka kama viroboto. Hutoboa majani matundu madogo madogo, kama yaliyochomwa kwa pini. Tandika chandarua chepesi siku ileile ya kupanda, ukifukie kingo zake. Ila usipande palipokuwa na ndugu zake msimu uliopita, kwa sababu wadudu waliojificha udongoni watatokea humo ndani ya chandarua na kujilia kwa raha.

Usimwage pakiti nzima. Nakusihi hili kwa moyo wote, maana nimeona majani mengi yakiharibika kwa kukomaa yote kwa pamoja. Panda kidogo, kisha rudia kila baada ya wiki mbili. Miche ikisongamana, punguza ibaki sentimita 10 hadi 15 kati ya mmoja na mwingine kama unataka majani makubwa. Ile unayoing'oa inaliwa. Maji yawe ya mara kwa mara: chomeka kidole hadi kifundo cha kwanza, ukikuta pakavu, mwagilia.

Weka mkasi karibu. Kata majani ya nje asubuhi, ukiacha moyo wa mche, nao utachipua tena mara mbili au tatu. Na kama nyumbani kuna anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, azungumze na daktari kabla ya kuanza kuila kwa wingi, kwa kuwa ina vitamini K nyingi.

Mche mmoja au miwili uachie ichanue. Maua yake meupe yenye mishipa ya zambarau huliwa pia, lakini ukiyavumilia yatazaa maganda membamba yenye mbegu. Yakigeuka rangi ya nyasi kavu, yakate kabla hayajapasuka, uyaweke kwenye mfuko wa karatasi.